Kikofia cha Nne

Weka chini bisibisi hiyo, Shaame.
Gari haikukukosea kitu.
Imetoka Konde na jua lote mgongoni,
rimu zingali moto, chai hujaigusa,
nawe ushachuchumaa kama mtu anayedai deni.

Ngoja ipoe.
Hapa uani Limbani hakuna anayekufukuza.
Harusi ya Mcha ni Ijumaa, leo Jumanne,
na rangi ya fedha uliyonunua haichachi.

Wewe wajua mimi nilikuwa nani
kabla magoti hayajanistaafisha?
Miaka ishirini na sita, chumba cha meno, hospitali ya Wete,
nikishika taa, nikishika taya,
nikiwashika mikono wanaume wazima wakilia.
Nilimwona daktari mmoja mwenye haraka
akivunja gego la mtu katikati,
mzizi ukabaki ndani.
Jino halivutwi, mwanangu.
Linatikiswa huku, linatikiswa kule,
mpaka lenyewe lione tabu kukaa.

Kikofia nacho kina meno, kwa nyuma, huyaoni,
ya plastiki, yamekaushwa na jua la Japani
kisha yakaja kumalizwa na letu.
Ukikiingiza hicho chuma
jino litakatika, tak,
rimu itabaki na kovu,
na bisibisi ikiteleza itatafuta kiganja chako,
haitakwenda kutafuta cha jirani.

Leta maji ya vuguvugu.
Vuguvugu, nimesema, hatunyonyoi kuku.
Lowesha kitambaa, kibandike, hesabu mpaka mia.
Na ule mwiko uliovunjika kichwa, ulete:
nimeuchonga ncha bapa,
nimeuvisha kipande cha kanga yangu ya zamani,
jina lake lishafutika, halimsemi tena mtu.

Breki ya mkono umevuta? Gia umeingiza?
Mawe, mbele na nyuma?
Uwanja huu umeinama,
mimi naujua kwa njia ya maji ya mvua.
Vaa miwani yangu. Utacheka baadaye.
Kitu kilichobanwa sana hakitoki, huruka,
na jicho halina spea, hata uvuke uende Darajani.

Haya. Tafuta ule mwanya mdogo pembeni.
Sukuma. Acha. Sogea kidogo, sukuma tena.
Usikazane pahala pamoja.
Kiganja cha pili kiweke mbele,
kama unamkinga mtoto anayejifunza kusimama.
Umesikia?
Tik.

Cha kwanza kilitoka na vumbi jekundu
na karafuu moja kavu, kichwa chake kizima,
ya jamvi la mtu tulilolipanda tairi moja
siku ile ya kupishana na lori, hata radhi hatukuomba.
Cha pili kilitoka na nyumba ya nyigu, mwenyewe kahama.
Cha tatu tulikipangusa, tukatazamana.
Gari Toyota, kikofia Nissan.
Na aliyemuuzia Shaame alikula yamini
kuwa ilikuwa ya mwalimu mmoja tu, haendi mbali.

Cha nne kiligoma.
Maji, kitambaa, mwiko, mia mbili,
mpaka adhana ya alasiri, kimetulia tuli.
Nikamwona Shaame jicho linaibia kwenye bisibisi.
Nikasema kiache.
Yapo meno tuliyoyarudisha nyumbani na wenyewe,
vidonge vya maumivu na tarehe ya kurudi.
Jeki yetu inavuja mafuta,
sitaki mtu afungue nati hapa wala aingize mguu chini.
Jumatatu mpelekee Mbarouk wa matairi;
ataliteremsha gurudumu zima, alilaze,
akisukume kwa nyuma na kidole gumba.

Ijumaa gari ilitoka na maua kwenye boneti,
vikofia vitatu vinang'aa, kimoja kimepauka.
Jadida nzima ilimtazama bibi harusi.
Shaame peke yake, na kanzu yake mpya,
alitazama gurudumu la nyuma, upande wa kushoto.